Maji ya Rufiji huja kwa nyuma: barua kwa vijana wa bonde

Kwa vijana wa Rufiji na Kibiti, mlioko nyumbani na mliotawanyika Mbagala, Temeke, Kigamboni na kwingineko,

Assalaam alaykum wanangu na wajukuu zangu. Sisi huku wazima, Alhamdulillah. Nina jambo moja limenikosesha usingizi siku kadhaa, nami ni mtu mzima sasa, siwezi kuwatembelea mmoja mmoja. Nimeona niwaandikie wote kwa pamoja.

Mwezi uliopita alikuja mmoja wenu kunisalimia. Alikuja na sukari na mkate, Mungu ambariki. Tulipomaliza chai akatoa karatasi ya mauziano. Amenunua viwanja vitatu bondeni, ukingoni kabisa mwa mto, kwa bei ya kutupa. Akaniambia, "Babu, pale ni juu. Nimesimama pale, mto uko chini yangu mita nne nzima. Halafu sasa kuna bwawa kule juu, habari ya mafuriko imekwisha." Nikamuuliza, nyuma ya viwanja vyako kukoje? Akasema, "Nyuma ni majani tu, babu. Mbuga ya wazi, hapana kitu."

Kijana huyu nilimfundisha mimi mwenyewe jiografia. Nimefundisha miaka 31. Nilisimama ubaoni nikamchorea yeye na wenzake ukingo wa asili wa mto, mshale huku, jina kule, wakanakili, wakafanya mtihani, wakafaulu. Tulichora Rhine, tulichora Mississippi. Na Mto Rufiji ulikuwa mwendo wa nusu saa kutoka darasani, sikuwahi kuwapeleka hata siku moja. Hilo kosa ni langu, na barua hii ni sehemu ya kulilipa.

Basi nisikilizeni. Mto wenye tope ukifurika, maji yanavuka ukingo na papo hapo yanapoteza kasi. Kinachoanguka kwanza ni kile kizito, yaani mchanga. Tope laini linaendelea na safari, linakwenda kutua mbali kule nyuma ambako maji yametulia. Mambo hayo yakirudiwa mwaka baada ya mwaka, mchanga unarundikana pembeni mwa mto mpaka ukingo wenyewe unakuwa ndio mahali pa juu kuliko pote bondeni. Kutoka pale ardhi inashuka kidogo kidogo, jicho halioni, mpaka mbugani. Kwa hiyo mtu anayesimama ukingoni na kuutazama mto chini yake anaona yuko salama. Hajageuka kutazama nyuma.

Maji ya Rufiji hayamjii mtu usoni. Yanatafuta mahali ukingo ulipopungua, pengine kilomita kumi juu yako, yanapenya, yanaingia mbugani na kuteremka nyuma yako kimyakimya. Wewe umeketi barazani unautazama mto bado uko chini, unamshukuru Mungu, na nyuma ya choo chako pameshakuwa ziwa.

Mimi nilizaliwa ukingoni namna hiyo. Kijiji chetu hakipo tena, ni mahame, lakini miembe ipo. Mwaka 1968 nilikuwa darasa la tano. Masika ile marehemu bibi yangu alichukua kijiti cha mkole, akakichonga, akakichomeka nyuma ya jiko, upande wa mbugani. Upande wa mto hakuweka kitu. Nikamuuliza, bibi, mto si uko huku? Hakunijibu. Kila jioni kabla ya magharibi alikwenda kukitazama kile kijiti. Siku ya nne akakikuta kimesimama katika maji, na maji yenyewe hayakuwa mekundu kama ya mto. Yalikuwa meusi, yametulia, yamechujwa na majani ya mbuga nzima. Usiku ule siafu walianza kupanda ukutani. Bibi akasema fungeni mizigo. Asubuhi tulikuwa kwenye mtumbwi, kuku kwenye tenga, na maji mekundu yalikuwa yameshafika mlangoni. Tope liliacha alama kwenye shina la mwembe mkubwa wa uani. Baba alikuja kuichora kwa panga baadaye, maji yalipopungua.

Baada ya mafuriko yale ndipo serikali ilipoleta Operesheni Rufiji. Watu tukatolewa bondeni, tukapandishwa nchi kavu kaskazini na kusini ya bonde, vijiji vya ujamaa vikajengwa. Wengi wenu mlizaliwa huko mkidhani ndiko Warufiji walikokuwa tangu zamani. Siyo. Wazee wenu walikaa kwenye zile kingo, na kila mnapoona bondeni miembe mikubwa imejipanga pasipo na nyumba, jueni palikuwa na watu pale, na makaburi yapo. Kuhamishwa kule kuliuma. Mzee hakuulizwa, na shamba lake likabaki mwendo wa saa nyingi kutoka kitandani mwake. Miembe ile na minazi ilibaki kwa nyani. Nasema hivyo waziwazi. Lakini naliona na upande wa pili: watu waliokuwa wakikaa bondeni walikuwa wanajua mahali pa kuweka kijiti. Ninyi mnaorudi leo na bikoni na nondo hamjui, na hapo ndipo ninapoogopa.

Tena mto wenyewe haukuzaliwa kwetu. Mito ya Kilombero na Luwegu inakutana kwenye maporomoko ya Shuguli, na kuanzia pale ndipo jina la Rufiji linapoanza. Ruaha Mkuu unaingia baadaye, karibu na lile korongo ambalo wakoloni walilipa jina la Stiegler, mtu aliyeuawa na tembo huko mwaka 1907. Bonde lote la mito hii lina kilomita za mraba karibu 177,000, yaani kama sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara inamwaga maji yake mlangoni petu. Zaidi ya nusu ya maji hayo yanaletwa na Kilombero. Mvua inaponyesha Njombe, ikanyesha Udzungwa na Mahenge, sisi Ikwiriri jua linaweza kuwa linatuchoma utosini. Siku kadhaa baadaye mto unapanda bila tone moja la mvua kuanguka kwako. Mtu anayesubiri mawingu ya Ikwiriri yamwambie habari za mto atasubiri mpaka aogelee.

Sasa nije kwenye bwawa, maana najua hilo ndilo jibu lenu. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mashine zake 9 zikifanya kazi zote zinatoa megawati 2,115. Nami nafurahi. Nilisomea kwa koroboi, siwezi kuuonea kijicho umeme. Na ni kweli kwamba bwawa lenye uwezo wa kuhifadhi maji zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 linaweza kumeza mafuriko mengi madogo tusiyaone kabisa. Lakini fikirini: bwawa lililojaa halina mahali pa kuweka maji mapya. Yanayozidi lazima yapite. Aprili 2024, baada ya mvua za El Niño, Muhoro mliiona wenyewe. Nyumba zilisimama majini mpaka madirishani, watu wakahamishwa, mashamba ya mpunga na mahindi yakalala. Na bwawa lilikuwepo. Sisemi haya ili kulaumu mtu. Nasema tu kwamba bwawa limeupa mto mlango, na mlango hufungwa na hufunguliwa. Hatari ninayoiona mimi ni hii: miaka mitano, sita, kumi itapita bila mafuriko makubwa, mbuga itakauka, dalali atapima viwanja, mtajenga msikiti na zahanati na shule, halafu utakuja mwaka mmoja wa kule juu kujaa. Zamani maji yalikuja mara kwa mara na kutukumbusha. Sasa yatakaa kimya mpaka wote wanaokumbuka tuwe tumekufa.

Lipo na jambo la tope. Tope lile mnaloliona uchafu ndilo lililotulisha. Mkulima wa bondeni hakununua mbolea. Alipanda mpunga mvua za mwanzo zikianguka, maji yakaja mwezi wa tatu au wa nne yakaukuta umeshapata nguvu, ukapanda nayo, akavuna maji yakiondoka. Na palepale yalipoondoka, kabla unyevu haujapotea, akapanda mlau: mahindi, kunde, maboga. Mlau hauhitaji mvua. Mbegu inakunywa unyevu uliobaki ardhini, na shamba linakuwa kijani mwezi wa saba na wa nane wakati nchi kavu yote imekuwa rangi ya kahawia. Nimewaona wataalamu wa kilimo wakisimama kwenye shamba la mlau wasiamini. Na yale maziwa yetu, Zumbi, Ruwe, Utunge, Mtanza na mengine, nayo yalikuwa yakijazwa na mafuriko hayohayo. Perege na kambare waliingia kuzaa, maji yakapungua wakabaki wamefungiwa, mtu akatega mgono akapata kitoweo mwaka mzima.

Sasa tope kubwa linabaki bwawani. Maji yaliyoacha tope lake huteremka mepesi, na maji mepesi yana tabia ya kula kingo na kitanda cha mto ili yajaze tena mzigo yaliouacha. Kwa hiyo ule ukingo aliouona kijana wangu uko juu mita nne, sina hakika wajukuu zake wataukuta. Hata kabla ya bwawa mto huu haukutulia. Kwenye kona, upande wa nje unamegwa na upande wa ndani unajazwa mchanga, hivyo mto unatambaa kama nyoka shambani. Ninao ndugu waliolala na shamba la ekari tatu wakaamka na ekari mbili, na aliye ng'ambo amepata ufukwe mpya. Kesi hizo baraza la wazee tumezikalia mara nyingi. Hati ya kiwanja haiujui mto.

Mkishuka deltani mtaona jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi, na hapa niwaombe radhi nitakaa kidogo, maana delta naipenda. Mama yangu alikuwa Mnyagatwa wa huko, na likizo zangu zote za utotoni nilikuwa huko kwa wajomba. Mto unapokaribia bahari unagawanyika kama vidole, Simba Uranga, Kikunya, Msala, Jaja na mingineyo, na katikati ya vidole hivyo kuna visiwa na mikoko ya karibu hekta 53,000. Hakuna msitu mmoja wa mikoko mkubwa kama huu katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mjomba alinifundisha kuusoma tukiwa kwenye mtumbwi. Mbele kabisa, unaopigwa na mawimbi, ni mlilana, mizizi yake inachomoza kwenye tope kama misumari ili ivute hewa. Nyuma yake mkoko wenye miguu mingi, ambao mbegu yake huota ingali juu ya mti, inarefuka kama mkuki, halafu inajidondosha na kujichoma topeni wakati maji yamekupwa. Kisha msinzi, kisha mkandaa, na mchu pale ambapo maji ya bahari hufika kwa bamvua tu, yaani yanapojaa kupita kawaida. Mkomafi una tunda kama mpira wa miguu, zito, likipasuka mbegu zake haziwezi kurudishwa tena zilivyokuwa ukijaribu mchana kutwa. Na palipo na msikundazi, mjomba alisema, chota maji uonje: utakuta chumvi imepungua, mto uko karibu. Nilionja. Ilikuwa kweli.

Mikoko hiyo imejenga nyumba za watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Rufiji. Mkandaa na mkoko ulikatwa, ukapangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ukahesabiwa kwa korija, ukapakiwa kwenye majahazi. Majahazi yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na boriti zetu zikaenda kuezeka Zanzibar, Muscat, mpaka Kuwait, nchi zisizo na miti. Nenda Mji Mkongwe uingie chumba cha zamani, kitazame upana wake. Chumba ni chembamba kwa sababu boriti haikuweza kuvuka zaidi ya pale. Wajerumani walipofika waliiona thamani hiyo upesi, wakaitangaza mikoko ya delta kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1898, ya mwanzo katika koloni lao, na gome la mkandaa likasafirishwa kwa ajili ya kutengenezea ngozi za wanyama zisioze.

Na delta inaficha. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikwenda Zanzibar mwezi Septemba ikaizamisha Pegasus ya Waingereza, ikarudi kujificha kwenye vijito vyetu chini ya kivuli cha mikoko. Waingereza waliitafuta, wakaizingira mpaka tarehe 11 Julai 1915 ilipoharibiwa. Mizinga yake ilitolewa majini ikaburutwa bara kuendelea na vita, na mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mkipita huko mkautazame. Baadhi ya mahali, kina kile cha maji kilichoificha meli ya vita hakipo tena. Mto ulipofika mwishoni mwa miaka ya sabini uliamua kupeleka maji yake mengi upande wa kaskazini. Wajomba zangu wa kusini wakaona visima vinaingia chumvi, na kaskazini maji yakawa matamu mpaka watu wakaanza kufyeka mikoko wakapanda mpunga. Mpunga ule hustawi misimu michache. Kisha magugu yanaingia, kaa wanakata miche, mtu anahamia kufyeka mbele. Kama kuna mmoja wenu anatuma fedha nyumbani ili mikoko ikatwe kwa ajili ya mpunga, namwomba kwa heshima aache. Ndani ya mizizi ile ndiko kamba wanakokulia, na sehemu kubwa ya kamba wa nchi hii wanatoka mbele ya delta yetu. Maji yetu ndiyo yanayoilisha bahari mpaka Mafia. Papa potwe wanaokwenda kutazamwa na wageni Kilindoni, na nguva wachache waliobaki kati ya Mafia na sisi, wote wanakula katika sinia moja nasi. Dunia ilishalitambua eneo hilo la Rufiji, Mafia na Kilwa kwa mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2004. Imebaki sisi wenyewe.

Mtu akiwaambia kwenu ni porini, mwambieni Profesa Felix Chami, mtaalamu wa mambo ya kale, alichimba huku Rufiji akakuta shanga za kioo za zama za Warumi. Kabla ya jahazi la kwanza la boriti, palikuwa na watu hapa wakibadilishana mali na upande wa pili wa bahari. Na mwaka 1905 ni kutoka Ngarambe kwetu Kinjeketile alipowagawia watu maji, na ni Muhoro hapa Wajerumani walipomnyonga mwezi Agosti.

Nirudi nchi kavu. Wengi wenu hamkuijua adha ya kivuko cha Ndundu. Masika mtu alilala pale siku mbili, tatu, na lori la nazi limeoza. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tulilia kwa furaha. Lakini barabara inayopeleka mgonjwa Muhimbili ndiyo hiyohiyo inayopeleka magogo. Msitu wa Ngumburuni nyuma ya Ikwiriri ulikuwa na mikongo na mininga ambayo watu watatu hawakuweza kuikumbatia. Mkaa mnaopikia Mbagala, baadhi yake ni Ngumburuni. Miti ile ilikuwa ikishika maji ya vijito vinavyoteremka bondeni, na visima vyetu vya Ikwiriri vinaijua tofauti.

Kuna wafugaji pia, na hapa nawaomba ndimi zenu mzichunge. Wasukuma na Wamang'ati wengi walifika kwetu baada ya kuondolewa Usangu, Ihefu, kuanzia mwaka 2006, kwa sababu Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka. Walitolewa kwenye kichwa cha mto wetu wakaja kwenye mkia wake. Ng'ombe wakila mlau wa mtu, kuna sheria na kuna baraza. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa na kusoma na watoto wetu, msimwite mgeni.

Na nguruwe. Mnashangaa kwa nini namtaja nguruwe kwenye barua ya heshima. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba aliua zaidi ya watu 30 huku kwetu. Wengi hamtaki kukumbuka. Simba hafuati watu shambani kwa kupenda. Nguruwe pori wanakuja kula mahindi, mkulima analazimika kulala shambani kuyalinda, simba anawafuata nguruwe anamkuta mtu. Ndiyo maana dungu la wazee, kibanda cha kulindia shamba, lilikuwa na miguu mirefu, na ngazi ilivutwa juu usiku. Vijana wa siku hizi wanajenga kibanda cha chini, cha majani, kwa haraka. Jengeni dungu. Miguu mirefu ni kwa maji na ni kwa simba.

Ninachowataka mfanye hakina gharama. Kabla mtu hajatoa shilingi moja kwa kiwanja chochote cha bondeni, aende mwezi wa kumi, ardhi ikiwa imekauka. Akiona udongo mweusi umepasuka nyufa zinazomeza mguu, hapo ni mbuga, maji hukaa hapo. Akiona magamba ya konokono yamenasa kwenye vichaka juu ya goti lake, hayo hayakupanda yenyewe. Atazame mashina ya mivumo na miembe, atafute mstari wa tope. Kisha amtafute mama mzee wa jirani, siyo dalali, amuulize mahali hapo panaitwaje na maji ya 1968 yalifika wapi. Akina mama ndio waliochota maji na kuvua kwenye mbuga, wanajua vizuri kuliko sisi wanaume. Mkiwa na simu zenu, warekodini. Kila kisima, kila kijito, kila mahame kina jina, na nimeshazika watu watano mwaka huu waliokuwa wakiyajua.

Kulima bondeni limeni. Sikatazi, nawahimiza, nchi ile haina mfano. Lakini kitanda cha watoto na hati za nyumba ziwe juu, nchi kavu, kama familia nyingi zilivyozoea kuishi baada ya mwaka 1969: nyumba juu, dungu bondeni, na watu wakishuka na kupanda pamoja na maji.

Kijana wa viwanja vitatu hakukasirika, namsifu. Aliondoka kimya, halafu akanipigia simu akauliza kama mwembe wenye alama ya panga bado upo. Upo. Nilikwenda baada ya maji ya 2024 nikaukuta na mstari mwingine wa tope, kiganja kimoja tu chini ya ule alioukata baba.

Mwezi wa sita, maji yakipungua, nakwenda mahame kwetu, inshallah. Nimemwambia aje na futi ya kupimia ya mita 50 na kamba ya fundi yenye pima-maji. Tutafunga kamba kwenye alama ya mwembe, tutaivuta sawasawa mpaka kwenye bikoni zake, tuone inapita wapi. Anayetaka kuja aje. Mtumbwi upo, pondo ninalo, futari ya mihogo tutapika palepale. Vaeni viatu ambavyo hamtavionea uchungu, kwa sababu njia tutakayopita ni ya nyuma, ya mbugani.

Wasalaam,

Babu yenu, mwalimu mstaafu,
Ikwiriri